Kahawa ya Golikipa

Mjukuu wangu Raghad ni golikipa wa mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya barafu, na mji tunaokaa ni Maskati. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tumalize, maana mie nilipoambiwa mara ya mwanzo nilicheka mpaka mke wangu Mastura akaniletea maji. Nje jua linalainisha lami. Ndani watoto wamevaa kama wanakwenda vitani, viatu vina visu chini, wanagombania kisahani cheusi cha mpira kisichojaa kiganja. Nimeendesha malori kutoka Mombasa mpaka Bujumbura, na baadaye kutoka Kuwait mpaka nchi zenye theluji ya kweli, na huko kote watu niliowaona juu ya barafu walikuwa wanajaribu kutoka.

Baba yake, mwanangu Jaifar, kazi yake iko mbali, Duqm. Mama yake anashika zamu hospitali. Kwa hiyo wenye kumpeleka na kumrudisha ni mimi na bibi yake, Mastura, kwa gari letu lile lile la kununulia samaki. Timu yao inaitwa Papa. Aliyewapa jina hilo hakujua kuwa anasema kweli, kwani begi la Raghad ukilifungua baada ya mazoezi linanuka papa mkavu aliyesahauliwa garini. Jirani yetu wa chini, hapo Darsait, alipanda ngazi siku moja akauliza kwa adabu kama tunauza.

Kocha wao ni Marhoon, kijana wa watu waliotoka Tabora. Alisoma Kanada, akarudi na mchezo huu pamoja na sheria zake, akazibandika ukutani. Nyingi zina akili. Mzee wa mtoto asipige kelele za kufundisha kutoka jukwaani. Asimtukane refa. Vifaa vya mtoto viwe vikavu na visiwe na harufu. Lakini ziko mbili zilizotutia mashakani. Moja inasema mechi ikisha, hakuna ruhusa kumsemesha kocha habari za mechi hiyo mpaka siku nzima ipite, si kwa mdomo, si kwa simu, si kwa ujumbe. Wanataka hasira zipoe kwanza. Ya pili inasema familia ikisababisha mechi kusimama, mtoto wao hachezi mechi inayofuata.

Sasa, Alkhamisi ilikuwa nusu fainali, na fainali ni Ijumaa alasiri. Raghad alikuwa haongei jambo jingine. Akila fainali, akioga fainali.

Kipindi cha mwanzo hakijafika mbali, akamtega mtoto wa watu kwa gongo lake, mtoto akaanguka kifudifudi. Refa akapiga firimbi, akaonesha kibanda cha adhabu, kile kisanduku cha vioo pembeni anapofungiwa mkosaji dakika mbili. Nikangoja kumwona Raghad anatoka golini. Hakutoka. Akatoka mtoto mwengine, Humam, mwembamba kama ufagio, ambaye hata karibu hakuwapo, akaenda kukaa kizuizini ameinamisha kichwa.

Nikamuuliza mama yake, Ghadeer, aliyekuwa kiti cha pili, "Kafanya nini huyu?"

"Hajafanya kitu, ami Msellem. Golikipa hatolewi golini. Akikosa yeye, anafungiwa mwenziwe. Na kila siku mwenziwe ni Humam wangu."

"Hii dhulma."

"Ndo mchezo wenyewe huo," akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka nao.

Mastura hakuwapo jukwaani. Alisema anakwenda kuweka sawa vifaa vya mtoto, nikadhani anakunja soksi. Kumbe alikuwa kabeba chetezo mkobani, na makaa, na udi alioununua Hamriya kwa mtu anayemwamini. Kile kifungu cha harufu kilimkera tangu siku ya mwanzo. Kwake mwanamke aliyelelewa Unguja hawezi kuandikiwa ukutani kwamba mjukuu wake ananuka, akanyamaza. Watoto walipotoka kwenda kucheza, yeye akafunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akawasha makaa, akatia udi, akayapanga mabegi yote ya timu kuzunguka chetezo, akayafunika kwa blanketi, akakaa pembeni kusubiri, kama anavyofukiza nguo za arusi.

Blanketi likajaa. Moshi ukatoka chini ya mlango, taratibu, ukaingia ukumbini. Mie nikausikia kabla ya kengele. Nikajisemea, ala, harufu ya nyumbani. Halafu kengele ya moto ikalia, taa zikawaka nyekundu, na mlinzi akatutoa sote nje.

Hebu fikiri. Maegesho ya magari, jua la alasiri, na timu mbili za watoto wamevaa helmeti na mapedi na makoti, wanatembea kwa visu juu ya lami. Watoto wa timu ya pili, wengi wao wa kigeni, walikuwa wekundu kama nyanya. Wetu nao walikuwa wanayeyuka, lakini taulo zao, ambazo Mastura aliwahi kuziokoa, zilinukia vizuri sana. Bibi mmoja wa Kifini akamfuata Mastura kumuuliza udi ule anauza nani. Mastura akamwelekeza mpaka na duka.

Marhoon akaja. Huwa hapandishi sauti huyu, na hilo ndilo linatisha.

"Bi Mastura, hii nini?"

"Sheria yako, mwanangu. Visiwe na harufu."

"Bi Mastura, umewasha moto ndani ya uwanja wa barafu."

"Moto mdogo."

Mechi ikarudi baada ya watu wa zimamoto kuridhika. Barafu ilikuwa imelegea, kila mtu anateleza asikotaka, na Raghad akazuia vitu ambavyo hata sasa sijui alivionaje. Papa wakashinda. Watoto wakarukiana. Kisha Marhoon akachuchumaa mbele ya Raghad, akamwambia kwa upole kwamba kesho hatocheza, kwa kuwa watu wake wamesimamisha mechi.

Raghad hakulia. Afadhali angelia. Alipanda gari na helmeti kichwani, akashuka nayo, akaingia nyumbani na mapedi miguuni, akakaa mezani hivo hivo. Bibi yake alikuwa kapika wali na samaki wa kupaka.

"Vua basi ule, mama," nikamwambia.

"Sivui mpaka nicheze."

Akala kwa helmeti. Wali unapita kwenye vyuma, tui halifiki mdomoni, likamshukia kidevuni. Mastura akatazama ile sahani, akaondoka, akaenda jikoni kuosha chetezo ambacho kilikuwa kishaoshwa. Miaka yote niliyokaa naye, na niliyokuwa sikai naye, sijapata kumwona anaosha kitu mara mbili.

Nikavaa kanzu safi na kofia nzuri. "Nakwenda Azaiba," nikasema.

"Kwa Marhoon? Huna ruhusa kumsemesha. Siku haijapita."

"Ikipita, na fainali ishapita. Nakwenda kumjulia hali mamake."

"Utasema nini?"

"Sisemi kitu. Nakwenda kutokunywa kahawa."

Akanielewa hapo hapo. Kwetu mgeni mwenye haja nzito haanzi kuieleza. Anapewa finjani, anaipokea, anaiweka chini bila kuigusa mdomoni. Mwenye nyumba akiona hivo anajua, na haitulii nyumba mpaka mgeni aambiwe haja yake imekubaliwa, anywe. Sheria za ukutani zimetaja mdomo na simu na ujumbe. Kahawa haikutajwa.

Marhoon ndiye aliyenifungulia mlango. Akaniona, akafumba macho kidogo.

"Ami, kuna sheria."

"Naijua. Nimekuja kumwona Bi Muhsina. Mzima?"

Mama yake alikuwa majlisini, chumba chao cha wageni, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, kazaliwa Tabora, na hajasahau. Tukaulizana hali. Tukaulizana hali za watoto, za miguu, za sukari, za watu wa Nizwa na watu wa Tabora. Marhoon akaja na birika la kahawa, maana katika nyumba ya heshima mtoto ndiye anayemimina hata akiwa kocha. Akanipa finjani. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikaiweka juu ya busati.

Bi Muhsina akanyamaza katikati ya habari ya goti lake.

"Marhoon. Mgeni ameweka kahawa chini."

"Labda ya moto, mama."

"Kahawa yako haijawahi kuwa ya moto tangu uzaliwe. Ana haja huyu. Mwulize."

"Siwezi kumwuliza."

"Kwa nini?"

"Kuna sheria ya timu."

Akanigeukia mimi. "Msellem, una haja gani?"

"Siwezi kusema, Bi Muhsina."

"Kwa nini?"

"Sheria ya timu."

Akatutazama mmoja mmoja. "Basi mmoja hawezi kuuliza, mwingine hawezi kujibu, na kahawa inapoa. Nyie ndio mnalea watoto wa watu?"

Kengele ya mlango ikalia. Akaingia Ghadeer, mama wa Humam, na sahani ya halwa mkononi, anasema kapita tu kumwamkia Bi Muhsina. Wala hajawahi kupita maisha yake. Marhoon akammiminia. Ghadeer akaiona finjani yangu pale chini. Akanitazama, akaelewa, akaiweka na yake kando ya yangu.

Marhoon akakaa kwenye mto na birika mapajani. "Mtakuja wazazi wote wa timu sasa," akasema. "Baba Wael yuko njiani, nna hakika."

"Na wewe umewakosea nini?" mama yake akauliza.

"Sijamkosea mtu. Nimefuata sheria."

"Ndio nauliza."

Nikaona habari haisogei. Mie nimevuka mipaka mingi nisiyojua lugha yake, na forodhani mtu asiyejua lugha hutumia vitu. Palikuwa na sahani ya tende. Nikachukua tende moja nono, nikaisimamisha mbele ya bakuli la kunawia. Nikaweka tende nyengine chache mbele yake. Kisha nikaisukuma ile nono ikaipiga mwenziwe.

"Mpe tende nyingine," Bi Muhsina akasema. "Ameona hii mbaya."

Nikatikisa kichwa. Nikachukua tende nyembamba isiyo na kosa, nikaiweka ndani ya kisahani cha halwa, peke yake. Ghadeer akashika kifua.

"Ndo Humam huyo," akasema.

"Usiseme," Marhoon akamwambia.

"Sijasema habari za mechi. Nimesema tende inaitwa Humam."

"Na hii nono?" Bi Muhsina akauliza, sasa amesogea mbele, goti kalisahau.

Marhoon akajikuna kidevu. Mama yake akamwambia, "Mimi sina mtoto kwenye timu yako. Mimi naweza kuuliza ninachotaka. Hii nono ni nani?"

"Golikipa, mama."

"Imekosa?"

"Ilikosa, ndiyo."

"Mbona iko pale pale, na aliyewekwa kwenye kisahani ni huyu mwembamba?"

"Golikipa hatolewi golini. Anafungiwa mwingine badala yake. Ndivyo mchezo ulivyo, dunia nzima."

Nikaitoa ile nyembamba kwenye kisahani, nikairudisha kwa wenzake. Nikatafuta ndani ya sahani mpaka nikapata tende moja kongwe, imekunjana, imekauka upande mmoja. Nikaiweka kizuizini. Halafu nikatafuta ya pili ya kufanana nayo, nikaiweka ubavuni mwake.

"Hizo mbovu," Bi Muhsina akasema. Halafu akanitazama uso, akaitazama ile tende, akanitazama tena. "Aa. Mbovu hizo ni wewe na Mastura."

Nikajifuta utamu wa tende vidoleni.

Marhoon akaziinamia zile tende. Unajua mtu aliyesoma anavyoonekana akitafuta kasoro, macho yanakwenda juu darini. Yalikwenda, yakarudi. Akasema polepole, si kwangu, kwa mama yake, "Mechi ilisimama kwa ajili ya wazee. Adhabu ni ya mtoto. Mtoto ni golikipa."

"Na golikipa hatolewi golini," mama yake akasema. "Umesema wewe mwenyewe, dunia nzima."

"Hawa watu wazima, mama. Kile kibanda cha watoto."

"Kina mlango?"

"Kina."

"Basi wataingia."

Nikanyoosha mkono kuchukua finjani yangu. Marhoon akanizuia. Akajimiminia kahawa yake mwenyewe, akaiweka chini, kando ya zetu.

"Na mie nna haja, ami," akasema. "Kesho mtakaa kizuizini mechi nzima, mwanzo mpaka mwisho, wewe na Bi Mastura. Mtavaa helmeti. Hamtasema neno. Na hamtainuka. Ukiinuka hata mara moja, Raghad anatoka."

Hapo akanipata. Mie mtu wa kuinuka. Nimeinuka kwenye arusi ya mwanangu mwenyewe kabla ya pilau, kwa kuwa lori la mtu lilikuwa linakwenda Sharjah. Kuna watu wananijua Maskati hii hawajawahi kuniona nimekaa. Nikazitazama zile tende mbili kwenye kisahani. Moja ilikuwa imeanza kuegemea nje.

"Nimekubali," nikasema.

"Na Humam?" Bi Muhsina akauliza, kwa niaba ya Ghadeer ambaye alikuwa anauma mdomo.

"Kesho akikosa golikipa, wamo hao hao kizuizini. Humam hana haja kwenda."

Tukanywa wote watatu. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na sijanywa kahawa tamu kuliko ile.

Ijumaa, baada ya sala na chakula, nikaingizwa kwenye kile kisanduku cha vioo. Helmeti haikukubali kukaa na kofia, nikavua kofia nikaiweka magotini. Mastura alipata ya rangi ya waridi, ya mtoto fulani, na buibui lake likatokeza chini yake. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikaa, akajikusanya, akaweka mkoba mapajani, na akakaa tena vizuri zaidi, nikaona kakalia ncha ya kanzu yangu.

Nikamwashiria kwa jicho, umenikalia. Akatazama mbele.

Kipindi cha mwanzo nilikivumilia. Cha pili magoti yakaanza kuzungumza. Ubao wa kukalia ulikuwa na majimaji ya barafu, ubaridi unapanda. Jukwaani Bi Muhsina, aliyekuja kuona mambo haya kwa macho yake, alikuwa kajifunika mablanketi mawili na anamuuliza kila jirani tende ziko wapi. Papa wakafungwa, wakasawazisha, wakafungwa tena. Raghad alikuwa mbali, upande wa pili, kajiinamia golini kama kaa mlangoni kwake. Kila kisahani kikimjia, mguu wangu ulikuwa unakwenda wenyewe.

Karibu na mwisho, mtoto mmoja mrefu wa timu ile akatoka peke yake na kisahani, hakuna mtu mbele isipokuwa mjukuu wangu. Akaja. Sikuamua kuinuka, wallahi, mwili uliamua. Nilijiona nakwenda juu, na kanzu ikanivuta shingoni, nikarudi chini kwa kishindo, helmeti ikagonga kioo. Nilipofumbua macho Raghad alikuwa kalala juu ya kisahani, na wenziwe wamelala juu yake.

Marhoon akageuka kutoka benchi lake. Alikuwa kaona kitu, lakini hakujua nini. Akaja mpaka kwenye kioo.

"Ami, umeinuka?"

Sikuwa na ruhusa kusema. Wala Mastura. Lakini Mastura akafikiri, akavuta ncha ya kanzu yangu kutoka chini yake, akaionesha kwenye kioo ilivyokunjana na kulowa, umbo zima la alivyokaa juu yake. Miaka yote hiyo nimeondoka, na huyu mwanamke hajapata kunikalia kanzu. Nikawaza, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Marhoon akaitazama ile alama. Mdomo ukamcheza. Akarudi kwa watoto.

Papa walifungwa fainali hiyo, mabao manne kwa matatu. Raghad akatoka barafuni akivuta gongo lake, nywele zimemganda kwenye paji, akaja moja kwa moja kwenye kibanda, akatufungulia mlango.

"Babu, mmekaa," akasema. Basi. Halafu akavua helmeti, akavua mapedi, akayatupa miguuni mwa bibi yake, na harufu ikatufikia sote. Mastura akashika mkoba. Marhoon, kutoka huko aliko, akasema bila kugeuka, "Nje, Bi Mastura. Maegesho. Mbali na jengo."

Sheria ukutani zimeongezeka mbili tangu siku ile. Moja inasema hakuna moto wa aina yoyote ndani, hata wenye harufu nzuri. Ya pili inasema familia ikikosa, watu wazima wake ndio watakaokaa kizuizini, kimya, mechi nzima. Kumbe mahali penyewe ndipo unapoona vizuri kuliko kote, kisahani kinakupita puani. Wiki iliyofuata Baba Wael alimpigia refa kelele za wazi kabisa, kisha akaingia mwenyewe bila kuitwa, na mto wa kukalia kwapani.

Jana rafiki yangu mmoja kanipigia, kuna gari linakwenda Salalah kwenye mvua, nafasi ipo ya mtu mmoja. Nikamwambia siwezi, Jumamosi nimefungwa kizuizini.

"Umefanya nini?" akauliza.

Nikamwambia bado sijafanya, ila Mastura ananipikia kitu cha kwenda kukosea nacho.